Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu mtaa, mtaro na hii habari ya "mfumo"

Naandika hapa kwa sababu nimechoka kurudia, kila nikitoka kwenda dukani kwa Mangi kuna mtu ananisimamisha, eti katibu hebu nieleze tena ile michoro yenu ya mishale. Mi sio mtaalamu. Ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana huku Pasua, Moshi, nikaanza kusoma haya mambo baada ya mtaro wetu kuziba mara ya nne ndani ya mwaka mmoja, basi nikanogewa. Maswali hayana mpangilio maalum, nimeyaweka jinsi yanavyonijia kichwani.

Fikra ya mfumo ndo nini? Kwa Kiswahili cha kawaida tafadhali.

Gia boksi ya Fuso ikigoma, fundi anaishusha, anaipanga chini kwenye turubai, anatafuta kilichokufa, anabadilisha, anarudishia na gari inaondoka. Ni kazi ngumu lakini kila kipande kina kazi yake na hakibadili tabia eti kwa sababu we unakiangalia.

Sasa nenda kihambani (shamba la nyumbani la Wachagga) kwa babu yako Kibosho au Uru ujaribu hivyohivyo. Migomba inaipa kahawa kivuli, ng'ombe yuko bandani anakula majani na vigogo vya migomba, samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba, juu kuna mringaringa unatunza unyevu na kwenye mringaringa kuna mzinga. Ukiuza ng'ombe leo mgomba hautasema kitu. Utakuja kusema mwakani, mikungu ikianza kuwa midogo, na hapo wewe utailaumu mbegu. Huwezi kukipanga kihamba kwenye turubai kipandekipande, kwa sababu uhai wake uko kwenye vile vitu vinavyolishana.

Mtaa ni kama kihamba, na sisi kila siku tunauendea na spana. Hiyo ndo hoja yangu nzima, mengine yote ni maelezo.

Ile stori ya taka na mtaro ikoje? Nimesikia nusunusu.

Hii nitaieleza vizuri maana ndo ilinifungua macho.

Mtaro wetu ulikuwa unaziba, masika maji yanaingia ndani, magodoro yanaanikwa juu ya bati wiki nzima. Tukafanya kama kila mtu anavyofanya, tukazibua. Mnakumbuka ile 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zikawa siku ya usafi nchi nzima, watu wakatoka na mafagio mpaka raha, na baadaye ikaja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Basi nasi Jumamosi ikifika tunaingia mtaroni, makoleo, vijana, soda, picha. Wiki ya tatu umeziba tena. Tukaitana kikao kutafuta mkosaji na kila mtu akaja na wake, wengine wanasema wapangaji, wengine mama wa genge, wengine watoto, mzee mmoja akasema ni watu wa juu huko maji yanakotoka.

Siku moja tukakaa watu sita tu na karatasi kubwa ya kalenda ya zamani, upande mweupe, tukaanza kuulizana "alafu inakuwaje?" Gari la taka haliji siku yake. Alafu? Mifuko inarundikana pale kona. Alafu? Mbwa wanapasua, mvua inasukuma, inaingia mtaroni. Alafu? Watu wanaona huduma mbovu, hawalipi hela ya taka. Alafu? Mkandarasi (simtaji) hela ya dizeli haimtoshi, anapunguza safari. Alafu... kimya. Mama mmoja akachukua kalamu akachora mshale ukarudi pale tulipoanzia, gari haliji.

Yaani ilikuwa duara. Hakuna mkosaji mmoja mle, kila mtu alikuwa anafanya kitu chenye akili kabisa kwa upande wake. Asiyelipa ana haki, kwanini alipie gari asiloliona? Mkandarasi naye ana haki, kwanini achome mafuta bure? Na sisi wazibuaji tulikuwa tunafuta mate ya mgonjwa huku kikohozi kiko palepale.

Mzunguko wa namna hii unajiongeza wenyewe, kila ukizunguka unakuwa mbaya zaidi, japo uzuri wake ni kwamba ukiugeuza unajiongeza kwenda juu kwa nguvu ileile. Kuna mwingine unaojisawazisha, kama ile boya ya tenki la chooni, maji yakijaa inafunga, yakipungua inafungua. Mtaani ipo yote miwili na kazi ni kujua upi ni upi.

Si mngewatoza tu faini wanaotupa ovyo?

Tulitoza. Watu wakaanza kutupa usiku. Mwanzo tulikuwa tunajua nani anatupa, tunamsema, anaona aibu, baada ya faini tukawa hatujui tena na taka ni zilezile. Tukapoteza hata ile aibu iliyokuwa inasaidia kidogo.

Mmarekani mmoja anaitwa Donella Meadows aliandika mwaka 1999 orodha ya sehemu 12 za kuushika mfumo ukitaka ubadilike, kuanzia dhaifu mpaka zenye nguvu. Mambo ya namba, yaani ushuru, viwango, faini, kayaweka mkiani kabisa. Juu zaidi kuna nani anapata taarifa gani, juu yake kanuni, na juu zaidi lengo lenyewe la mfumo. Sisi vikao vyetu vyote vinaishia kwenye ile ya mkiani, tupandishe iwe elfu tano, hapana tupandishe iwe elfu kumi.

La taarifa nililielewa kupitia LUKU. Ukiona yuniti zinashuka mbele ya macho yako unazima pasi mwenyewe, hakuna aliyekuhutubia. Kwa hiyo tukajaribu kitu cha kijinga kwenye njia moja tu, nyumba 14. Tukamwomba dereva wa gari la taka namba yake, akishatoka ananipigia na mi naandika kwenye kibao pale dukani "gari linakuja leo" au "leo haliji, usitoe mfuko". Basi. Mwezi wa pili kibao kilekile kikaanza kuandikwa pia nyumba ngapi zimelipa, idadi tu bila majina.

Ikafanya kazi?

Ile njia, ndiyo, mifuko pale kona ilipungua kwa sababu watu hawatoi mpaka wajue. Malipo yaliongezeka taratibu, sio kwa kishindo. Njia ya pili tulipojaribu ikafeli kwa sababu hakuna duka ambalo watu wote wanapita, kibao kilikuwa kinasomwa na mbuzi. Hapo tukajifunza kwamba kilichofanya kazi hakikuwa kibao, ilikuwa kibao pamoja na Mangi ambaye kila mtu anamdai au anadaiwa naye.

Haya mambo mmeyatoa kwa Wazungu, si ndio?

Majina mengi ni ya huko sikatai. Mwaka 1948 mwanasayansi Mmarekani, Warren Weaver, aliandika kwamba kuna matatizo ya vitu vichache ambayo hesabu ya kawaida inayamaliza, kuna ya vitu mamilioni vinavyogongana ovyo ambayo takwimu inayamaliza, alafu katikati kuna kundi limesahaulika, vitu vingi kiasi ambavyo vimefungamana kwa mpangilio. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mama mwandishi aliyekuwa anaishi New York, akachukua lile wazo akasema mji ni tatizo la aina hiyo ya tatu, na wapanga miji wanauharibu kwa sababu wanauchukulia kama tatizo la aina ya kwanza au ya pili. Hakuwa na digrii ya mipango miji. Alikuwa anaangalia njia ya mtaani kwake nani anapita saa ngapi, wenye maduka, watoto, wazee dirishani, akaona usalama wa pale unaletwa na macho ya watu wengi wenye shughuli zao na wala sio polisi peke yake. Mi nikisoma hivyo nawaona mama wa genge, fundi cherehani wa barazani na kijiwe cha boda. Ukiwahamisha hao kwa jina la kusafisha mtaa, subiri uone wizi.

Lakini nyumbani tulikuwa nayo muda mrefu, tatizo tulikuwa hatuyaiti hivyo. Mifongo. Wachagga walichimba mifereji ya maji kutoka kwenye mito huko juu ikapita kwenye miteremko mpaka kwenye vihamba, kabla Mjerumani hajafika. Hakuna ofisi ya mkoa iliyokuwa inagawa maji. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe wanaojulikana, zamu zinajulikana, wameku, yaani wazee, wanasuluhisha ugomvi, na siku ya kusafisha mfongo usipokuja unalipa. Halafu nenda kasome Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009. Alichunguza watu wanaotunza kitu cha pamoja bila kukiua, malisho ya milimani Uswisi, misitu ya vijiji Japani, umwagiliaji wa Uhispania na Ufilipino, akatoa kanuni nane. Wahusika wajulikane. Kanuni zilingane na mahali. Wanaotumia ndo watunge. Kuwe na wa kuangalia. Adhabu ianze ndogo ikue. Ugomvi umalizwe karibu na kwa bei rahisi. Serikali itambue haki yao ya kujipanga. Na kama kitu ni kikubwa, kiwe na ngazi juu ya ngazi. Bibi yangu angesikia hiyo angesema sasa hapo kuna jipya gani?

Nikipima faini yetu ya taka kwa kanuni hizo ilianguka karibu zote. Ilitungwa na watu wanne, ilianza kubwa, na hakuna aliyechaguliwa kuangalia.

Lile tuta mlilojenga kule njia ya shule mbona limeleta balaa?

Aisee. Hili naomba radhi kabisa.

Boda zilikuwa zinapita kasi, tukachanga, tukaweka tuta. Boda wakahamia kichochoro cha nyuma ambacho hakina tuta, na kichochoro ndo watoto wanachezea mpira. Tulimaliza hatari barabarani tukaipeleka mlangoni kwa watu. Hatukuwauliza boda hata mmoja kabla, na wale wanajua njia zote za huu mji kuliko afisa yeyote. Wangetuambia siku hiyohiyo.

Mfumo unajibu. We ukiusukuma na wenyewe unasukuma. Mfano mkubwa wa hili uko hapo chini tu, mpunga wa Lower Moshi. Miaka ya 80 Japani ilisaidia kujenga mradi wa umwagiliaji pale Chekereni na vijiji vya jirani, maji ya Njoro na mto Rau, mavuno yakawa mazuri kweli. Sasa walioko juu ya mto, nje ya mradi, wakaona hela, nao wakalima mpunga, wakachukua maji kabla hayajafika. Mashamba yaliyokuwa ndani ya mradi yakaanza kukosa maji. Mradi ulidhuriwa na mafanikio yake, na hao wa juu hawakuwa wezi, walikuwa wakulima wenye macho. Mchoro wa wahandisi ulikuwa na mpaka, mto hauna.

Kwa hiyo siku hizi tukipanga kitu tunauliza kwanza nani atakijibu, na atajibu vipi. Tuta bado lipo. Tunaongea na kijiwe.

Kwanini Desemba maji yanakata wakati mwezi wa kumi yalikuwepo?

Fikiria tenki lako. Kinachoingia ni bomba moja jembamba, kinachotoka ni mabomba kibao. Desemba watoto wa Kilimanjaro wanarudi wote kutoka Dar, Mwanza, Nairobi, magari yanaoshwa, nyumba zilizokuwa na watu wawili zina kumi na tano. Kinachotoka kimeongezeka, kinachoingia kilekile. Na kila mtu akisikia maji yatakata anajaza madumu yote, ndo yanakata haraka zaidi. Kwa hiyo usimpigie kelele mtu wa mamlaka ya maji peke yake, angalia na madumu yako.

Watu hawaji kwenye vikao. Watu wa hapa wamekuwa wabaya?

Hapana bana. Kuna jamaa wa sosholojia, Mark Granovetter, mwaka 1978 alitoa mfano ninaoupenda sana. Chukua watu 100. Wa kwanza anaanza jambo bila kumsubiri mtu. Wa pili anaanza akiona mmoja. Wa tatu akiona wawili, hivyohivyo mpaka wa mwisho anayesubiri aone 99. Hapo wote 100 watatoka, mmoja anamvuta mwingine. Sasa mbadilishe mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anasubiri mmoja awe anasubiri wawili. Anatoka mmoja, basi, imekufa. Mtu wa nje akiangalia anasema mtaa wa kwanza una moyo wa kujitolea na wa pili una watu wabinafsi, wakati wanatofautiana kwa mtu mmoja.

Kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, hili liko wazi. Huhitaji kuwahubiria wote 100. Unahitaji yule wa pili. Mi kwenye mtaro nilikuwa natoka peke yangu saa moja asubuhi natia huruma, watu wanapita "pole na kazi katibu". Nikakubaliana na kijana mmoja wa boda tutoke pamoja na tukae pale njia panda wanapotuona wanaotoka kanisani. Wakaja. Sio wote, ila wakaja.

Shida si ni mwenyekiti? Tubadilishe mwenyekiti.

Mnaweza kumbadilisha, uchaguzi wa serikali za mitaa ukifika, kura ni zenu. Ila mi nimeshaona wenyeviti watatu, vyama tofauti na tabia tofauti, na mtaro uleule. Ukiweka mtu mpya kwenye duara lilelile atazungushwa kama wa zamani. Sisemi viongozi hawana kazi. Mwenyekiti ana mhuri, mtendaji ana njia ya kwenda kata na manispaa, mjumbe wa nyumba kumi anajua nani kahamia jana (mfumo wa TANU huo wa miaka ya 60, na bado una masikio kuliko kamera). Kila ngazi inaona kitu ambacho nyingine haioni, tatizo haziongei.

Mtajuaje kama mnafanikiwa? Mnahesabu nini?

Tulihesabu magunia ya taka yaliyokusanywa, tukatoa zawadi ya soda kwa vijana wenye magunia mengi. Wiki ya pili magunia yamejaa majani ya mwembe. Kipimo kikishakuwa ndo shabaha watu wanapiga shabaha, hili mchumi Mwingereza, Goodhart, alishaligusia tangu 1975 akizungumzia mambo ya benki kuu, sisi tumelijua kwa majani ya mwembe. Siku hizi tunaangalia vitu viwili vitatu kwa pamoja, na kimoja ni kuuliza tu bibi aliye karibu na kona ameona nini mwezi huu.

Kuna programu ya kompyuta ya hii?

Zipo. Jay Forrester wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitengeneza modeli ya mji kwenye kompyuta akaitoa 1969, iligombaniwa sana na mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa sahihi. Sisi tuna kalenda ya zamani na kalamu. Faida ya karatasi ni kwamba mama asiyependa simu anaweza kukunyang'anya kalamu, kama yule aliyerudisha mshale.

Nataka kuanza mtaani kwetu Majengo, nianzie wapi?

Usianze na kikao kikubwa. Tafuta watu watano sita wasiofanana, mpangaji, mwenye nyumba, boda, mtu wa genge, kijana, mzee. Chagueni tatizo moja linalorudi, maana linalorudi ndo lenye duara, lililotokea mara moja liacheni. Ulizaneni "alafu inakuwaje" mpaka mshale urudi. Usiporudi endeleeni, bado hamjafika. Kisha tafuteni sehemu moja ndogo ya kujaribu ambayo ikifeli hakuna atakayeumia, njia moja, mwezi mmoja au miwili. Msijaribu mambo matatu kwa pamoja, hamtajua lipi lilifanya nini. Na upeni muda, mfumo unachelewa kujibu kama ule mgomba, wengi wanakata tamaa wiki mbili kabla ya jibu kufika, au wanaongeza dawa juu ya dawa kama mtu anayefungulia bomba la moto bafuni, anaona bado baridi, anafungua tena, mara anaungua.

Na mkae mahali watu wanapita, sio ofisini.

Ile njia ya pili mnaifanyaje sasa?

Kuna mama anauza mtori asubuhi pale kwenye mwembe, kuanzia saa kumi na mbili wanapita wote, wa shule, wa kazini, waliotoka lindo. Tumemwomba atundike kibao. Kasema sawa ila tumnunulie na mwavuli mkubwa, tumechanga nusu.